Anza Mgongoni: Jinsi ya Kuikagua na Kuitunza Sanamu ya Omo ya Merikebu ya Matanga

Ukishuka chini ya merikebu Cutty Sark pale Greenwich, London, unajikuta katika ukumbi ambao dari lake ni tumbo la merikebu yenyewe. Mwisho wa ukumbi umejipanga umati wa watu wa mbao: wanawake wenye vifua wazi, wanasiasa wenye makoti, mashujaa, watoto. Ni zaidi ya 80. Yuko Florence Nightingale, yule muuguzi, yuko Disraeli, waziri mkuu wa Uingereza wa karne ya 19. Wote walikaa omoni, yaani mbele kabisa, mwa merikebu za biashara, chini ya mlingoti wa maji unaochomoza mbele, wakipigwa na kila wimbi lililopasuliwa na hanamu, ile mbao ya omo inayokata maji. Aliyewakusanya ni mfanyabiashara mmoja wa Kiingereza, Sydney Cumbers, aliyefunika jicho moja kwa kitambaa cheusi na kupenda kuitwa Long John Silver, jina la haramia wa riwaya ya Treasure Island. Mwaka 1953 aliwatoa wote wawe mali ya merikebu hiyo.

Karibu kila mgeni pale hufanya jambo lilelile. Husimama mbele, hutazama uso, hupiga picha, huenda zake. Mimi kazi yangu ni mbao kuukuu, na kwa miaka nilifanya hivyohivyo. Siku hizi uso nautazama mwisho. Uso umepakwa rangi mara nyingi, umezibwa nyufa, umechongewa pua mpya, nao hukuambia kile ambacho mpakaji wa mwisho alitaka ukione. Mgongoni hakuna aliyejisumbua kukudanganya.

Mwongozo huu ni kwa aliyeachiwa sanamu kama hiyo, au anayetaka kuinunua mnadani, au ameajiriwa makumbusho akakabidhiwa moja bila maelezo. Waswahili tulioko Ulaya na Marekani tunakutana nazo kuliko tunavyodhani: kwenye hoteli za bandarini, kwenye baa, kwenye bustani za watu. Pwani kwetu hatukuwa na desturi ya kuweka mtu wa mbao omoni, ila jambo lenyewe si geni. Mtepe, chombo chetu cha zamani cha kushonwa kwa kamba, ulikuwa na macho, na majahazi ya Lamu huwekewa macho ya mbao mpaka leo. Chombo kinatakiwa kione kinakokwenda.

Kabla ya lolote

Usifute. Usikwangue. Usipake kitu, hata mafuta ya nazi, na hasa usipake mafuta ya nazi. Tafuta tochi, kioo cha mkono kama cha kinyozi, brashi laini ya manyoya, futi kamba, timazi, glovu za mpira, barakoa nzuri na kamera. Piga picha kila upande kabla hujaigusa. Na kama sanamu imesimama wima bila kushikiliwa, ifunge kwanza kwa mikanda mipana, kwa sababu haikutengenezwa isimame yenyewe, na zile kubwa zina uzito wa kumvunja mtu miguu.

Hatua ya kwanza: zunguka nyuma

Sanamu ya omo haikutuama juu ya hanamu kama sufuria juu ya mafiga. Iliipanda, kama mtu alivyompanda farasi. Kwa hiyo mgongoni na sehemu ya chini utakuta mfereji mpana uliochongwa ili ukae sawasawa juu ya mbao ya omo, na katika mfereji huo matundu ya boliti nene za chuma au shaba. Pima upana wa mfereji, pima kina chake, andika. Zungusha tochi ndani ya kila tundu. Boliti ya chuma iliyokaa miaka baharini huacha kutu inayopenya ndani ya nyuzi za mbao, na kama mbao ni mwaloni, doa lake huwa jeusi kama wino kwa sababu chuma hupambana na tanini, kemikali ya asili iliyomo. Doa la namna hiyo huingia vidole viwili au vitatu ndani. Mwigaji anaweza kuchora doa juu ya ngozi ya mbao, lakini hawezi kulipeleka huko ndani.

Sasa linganisha uchakavu. Jua, chumvi na upepo viliipiga sanamu upande wa mbele na juu: utosi, paji la uso, mabega, magoti. Chini ya kidevu, kwenye mikunjo ya nguo iliyotazama maji, na sehemu zilizojificha nyuma ya mbao za omo, alama za patasi bado ni kali. Sanamu halisi imechakaa bila usawa. Zile zinazochongwa leo kwa ajili ya kupamba sebule huchakazwa sawasawa kila mahali, hupigwa mnyororo, hutobolewa kwa keekee ili zionekane zimeliwa na wadudu. Chunguza matundu hayo: yakiwa ya ukubwa mmoja na yote yameingia wima, hayo ni ya keekee. Mdudu hana mstari. Na mgongo ukiwa bapa, una kulabu ya kuning'inizia ukutani, ongea bei ya pambo, usiongee bei ya historia.

Jambo jingine la mgongoni ni mwinamo. Teremsha timazi ubavuni mwa sanamu, kisha pima mfereji wa nyuma umelala kwa pembe gani ukilinganisha na uzi. Merikebu za mbio za katikati ya karne ya 19 zilikuwa na omo iliyochongoka na kuinama mbele, na sanamu zake ziliinama nayo, zikanyooka kama mtu anayetaka kuruka. Za mapema zaidi husimama wima zaidi. Pembe hiyo iandike vizuri, utaihitaji mwishoni.

Hatua ya pili: mbao na maungio

Nyingi za karne ya 19 ni za msonobari. Mwaloni na mbao nyingine ngumu zilitumika zaidi zamani, lakini msonobari ulikuwa mwepesi, haukuielemea omo, na patasi ilipita ndani yake kwa urahisi. Tazama sehemu ambako nyuzi zimekatwa, yaani utosini na chini kabisa. Utaona kama sanamu ni gogo moja au ni mapande kadhaa yaliyounganishwa. Aghalabu ni mapande: kiini kimoja kikubwa, vipande vya mabega vimebandikwa pembeni, kichwa wakati mwingine peke yake, na mikono karibu kila mara peke yake.

Ukikuta mkono haupo, usiseme upesi kwamba umevunjika. Chungulia begani. Kama kuna tundu safi la mraba au la mviringo lililochongwa kwa makusudi, huenda mkono ulikuwa wa kuchomoa. Mkono ulionyooshwa mbele ulikuwa wa kwanza kuondoka na bahari, ndiyo maana merikebu nyingine ziliuvua na kuuweka ndani zikiwa safarini, zikaurudisha zikifika bandarini, mbele ya watu. Kama pana mbao iliyopasuka na nyuzi zimechanika, hapo umevunjika kweli.

Hatua ya tatu: rangi

Hapa ndipo wengi huharibu, na mimi nilikuwa mmoja wao. Miaka ya mwanzo niliwahi kupewa mkono mmoja wa mbao, umetengana na sanamu yake, umevimba kwa rangi mpaka vidole vimekuwa kama ndizi mbivu. Nikaona nitausaidia. Nikachukua msasa. Dakika kumi baadaye mbao nyeupe ilikuwa inang'aa mbele yangu, nami nimefurahi, mpaka nilipoona kwenye mkunjo wa kifundo pembe ndogo ambayo msasa haukuifikia: mstari wa dhahabu, chini yake samawati, chini yake weupe. Ilikuwa bangili. Nilikuwa nimeikwangua bangili yote isipokuwa nusu ya ukucha.

Elewa jinsi matabaka yale yalivyojengeka. Sanamu ilikuwa sura ya kwanza ya merikebu kuonekana, kwa hiyo ilipakwa tena na tena, na anayepaka alikuwa baharia mwenye ndoo, si mchongaji. Kila mpako uliziba kidogo: kope zikafa, tundu za pua zikajaa, lesi ya kola ikawa uji. Ukiona uso wa sanamu umevimba na hauna mwanga machoni, usimlaumu mchongaji. Amezikwa chini.

Badala ya kukwangua, fanya hivi. Zima taa ya chumba, weka tochi ubavuni kabisa mwa uso ili mwanga ulale sambamba nao. Vivuli vitakuonyesha mikunjo iliyozama na viraka vilivyojazwa. Kisha tafuta mahali palipokwisha kupasuka penyewe, na kwa ncha ya kisu cha daktari utoe kipande cha rangi kisichozidi punje ya ufuta, kikiwa na matabaka yote hadi kwenye mbao. Kipande hicho hutumbukizwa katika utomvu mwangavu, hukatwa, husuguliwa, kisha hutazamwa kwa hadubini. Utaona matabaka kama keki. Kati ya tabaka na tabaka pakiwa na uzi mweusi, huo ni uchafu na moshi: rangi ilikaa nje muda mrefu kabla ya kupakwa nyingine. Pasipo na uzi, mipako miwili ilifuatana. Hesabu, andika, piga picha. Mtaalamu wa rangi atakufanyia kazi hii kwa malipo, nayo ni fedha bora kuliko ya kununua rangi mpya.

Tahadhari, na hii usiifanyie mzaha: rangi nyeupe ya zama zile ni ya madini ya risasi. Msasa mkavu hukufanya uivute kifuani, na moto wa kuchomea rangi huigeuza moshi. Vaa barakoa, funika sakafu, futa vumbi kwa kitambaa kibichi badala ya kufagia, osha mikono kabla ya kula, na watoto wasiingie chumbani.

Ukikuta vanishi ya kahawia juu ya rangi au dhahabu, ipe heshima yake. Vanishi bora za karne ile zilitengenezwa kwa sandarusi, utomvu wa miti ulioganda ardhini, na sandarusi iliyosifiwa kuliko zote ilichimbwa Mrima na kupita Unguja. Merikebu za Salem, Massachusetts, zilileta kitambaa ambacho bibi zetu walikiita merikani, zikarudi na pembe za ndovu na sandarusi, na Salem kwenyewe kulikuwa na kiwanda cha kuisafisha. Mkataba wa biashara kati ya Seyyid Said na Marekani ni wa mwaka 1833. Sikuambii kwamba vanishi iliyo mbele yako imetoka Bagamoyo. Nakuambia usiifute kwa spiriti kabla haijapimwa.

Hatua ya nne: tafuta maji

Sanamu haziozi kutoka nje kwenda ndani kama watu wanavyofikiri. Maji huingia kwenye maungio na matundu ya boliti, hukaa, na lile koti nene la rangi huyazuia yasitoke. Mbao ikizidi unyevu wa asilimia 20, kuvu wanapata makao. Nje utaona mashavu mekundu, ndani hamna kitu.

Chukua mpini wa bisibisi, gonga polepole kuanzia chini ukipanda juu, huku umeweka kiganja cha pili upande wa pili. Mbao nzima hujibu kwa mlio mkavu, mfupi. Mbao iliyooza hunyamaza, au hutoa mlio wa papai. Chora umbo la sanamu kwenye karatasi na utie kivuli kila mahali paliponyamaza. Kipimo cha unyevu chenye pini mbili ni kizuri, lakini pini fupi hupima ngozi tu. Tumia pini ndefu, uziingize kwenye matundu yaliyopo tayari.

Niliwahi kuitwa kumtazama mwanamke mmoja wa mbao, urefu wa futi tano hivi, aliyesimama bustanini kwa miongo. Mwenye nyumba alikuwa anampaka rangi kila mwaka, kwa mapenzi. Mbele alikuwa kama bibi harusi. Nikazunguka nyuma. Matundu mawili ya boliti yalikuwa yamezibwa kwa vitambaa na rangi juu yake. Nilipokichomoa kitambaa cha chini, maji yalianza kudondoka, meusi, yenye harufu ya matope ya mikoko maji yakiwa yametoka. Yalidondoka mpaka nikaomba ndoo. Shingoni nikakuta saruji. Mtu fulani zamani alijaza ufa kwa saruji, mbao ikasinyaa pembeni yake, na kila mvua ilipita hapo kama mfereji. Mwenye nyumba akakaa kwenye ngazi ya mlango, hakusema kitu kwa muda.

Saruji ni adui. Koti la faibaglasi, ambalo lilikuwa mtindo wa kuokoa sanamu zilizowekwa nje, ni adui mkubwa zaidi kwa sababu linafungia maji yote ndani. Jumba la The Box la Plymouth lilipotayarisha sanamu zake 14 za manowari kwa ajili ya ufunguzi wa mwaka 2020, mafundi walitumia mawimbi ya sauti, kifaa kilekile cha kukagulia miti iliyosimama, ili kujua uozo umefika wapi bila kupasua kitu. Mojawapo, ya manowari Royal William, ina urefu wa zaidi ya mita 4 na uzito wa tani 2. Kama makumbusho yako yanaweza kumlipa mkagua miti wa manispaa kwa siku moja, mwite.

Kukausha sasa. Neno ni moja: taratibu. Usiweke karibu na hita, usianike juani, usielekeze feni. Mbao ikikauka nje haraka kuliko ndani, hupasuka, na ufa wa sanamu una tabia ya kupita usoni. Iingize kwenye chumba kisicho na joto, uizungushie karatasi ya nailoni iliyotobolewa, uongeze matundu kila baada ya wiki mbili. Ikiwezekana ipime uzito: uzito ukiacha kushuka, mwisho umekaribia. Yule mwanamke wa bustanini alichukua mwaka na zaidi. Baada ya hapo chumba kikae kwenye unyevu wa hewa wa asilimia 50 hadi 60, na la muhimu zaidi kuliko namba yenyewe ni kwamba isipande na kushuka.

Hatua ya tano: wadudu

Fupi hii. Weka karatasi nyeusi chini ya sanamu kwa mwezi mmoja. Ukikuta vilima vya unga mweupe, fukusi wako kazini. Matundu ya zamani bila unga ni makaburi, yaache. Sanamu kavu na ndogo huweza kufungwa vizuri kwenye nailoni na kugandishwa kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri kwa siku kadhaa. Kubwa hufungwa katika hema la nitrojeni mpaka wadudu wafe kwa kukosa oksijeni. Usimimine mafuta ya taa. Najua babu alifanya hivyo kwenye vizingiti vya milango, lakini mafuta hulainisha rangi na hukaa ndani milele.

Hatua ya sita: kuziba na kutengeneza

Kanuni ni kwamba kila unachoongeza kiwe kinaweza kutolewa na fundi atakayekuja baada yako. Mbao laini iliyolegea huimarishwa kwa utomvu unaoyeyuka tena kwa asetoni. Pengo kubwa hujazwa kwa mbao ya jamii ileile, nyuzi zikifuata mwelekeo uleule, ikibandikwa kwa gundi ya wanyama inayolegea kwa maji ya moto. Usitumie epoksi, gundi ya kemikali isiyotoka tena, kwenye mbao ya asili. Kiraka kiwe na tofauti kidogo, mtu akisogea karibu akione.

Usichonge mkono mpya kwa sababu tu unajua kuuchonga. Nannie wa Cutty Sark ni funzo zuri. Ni mchawi kijana wa shairi la Kiskoti la Robert Burns, aliyemkimbiza mlevi juu ya farasi akaambulia mkia tu mkononi. Merikebu ilishushwa majini mwaka 1869 naye akiwa omoni, mkono umenyooshwa mbele. Dhoruba na miaka vimemmaliza zaidi ya mara moja. Wa sasa alichongwa na Andy Peters na kuwekwa mwaka 2021. Mkia wa farasi anaoshika hauko katika mbao kwa asili yake: mabaharia wanafunzi walikuwa wakiufuma kwa kamba kuukuu na kumpa mkononi merikebu ikiwa bandarini. Kiganja kitupu chenye tundu kingeweza kumfanya fundi mwenye haraka achonge upanga.

Kama mwenye mali anang'ang'ania kuiweka sanamu nje, mchongee nakala. Ya asili iingie ndani.

Hatua ya saba: jina

Ni nadra jina kuandikwa. Muuzaji atakuwa nalo, bila shaka, pamoja na hadithi ya kuzama. Wewe anza na alama: ameshika nini, amevaa nini, nguo ni ya mwaka gani. Merikebu ya biashara mara nyingi iliitwa jina la mtu, mke au binti wa mwenye mali, mwanasiasa, au mhusika wa hadithi, na sanamu ilifuata jina. Kule Tresco, katika visiwa vya Scilly kusini-magharibi mwa Uingereza, kuna mkusanyo uitwao Valhalla, wa sanamu zilizookotwa kutoka kwa merikebu zilizovunjikia kwenye miamba ya huko. Mmoja wao ni mtawa mnene mwenye kanzu. Ni wa Friar Tuck, merikebu ya chai yenye jina la mtawa wa hadithi za Robin Hood, iliyoangamia hapo mwaka 1863. Hapo mahali, vazi na jina vimekubaliana, ndipo unaweza kusema kwa kinywa kipana.

Ukishapata jina la kubahatisha, fungua vitabu vya kila mwaka vya Lloyd's Register. Vinaorodhesha merikebu, mwaka zilipoundwa, bandari na ukubwa. Sasa rudi kwenye vipimo vyako vya mgongoni. Merikebu ndogo ya tani 200 haikubeba sanamu yenye mfereji wa kuingia mbao ya merikebu ya tani 1,500. Jina likikataa kuingia kwenye mfereji, liache.

Hatua ya nane: isimamishe inavyotakiwa

Watu huzisimamisha wima, zikaonekana zinatazama dari kwa kiburi, au zinasubiri mvua. Mchongaji alijua sanamu italala mbele na itatazamwa kutoka chini, kutoka gatini au kwenye mashua, ndiyo maana kidevu kimeinuliwa na kichwa ni kikubwa kidogo. Tengenezea fremu ya chuma inayoingia katika mfereji wa nyuma, uiviringishie sponji nzito, uzito wote ubebwe hapo kama ulivyobebwa na hanamu. Usitoboe tundu jipya. Ya zamani yanatosha. Usiifunge shingoni wala kiunoni.

Kisha chukua ile pembe uliyoiandika hatua ya kwanza, na uinamishe fremu mpaka ifike. Mwambie mwenzako ashike parafujo. Wewe lala chali sakafuni, hatua tatu mbele ya sanamu, mahali ambapo maji yangekuwa. Mwenzako ainamishe kidogo, tena kidogo. Macho yakiacha kutazama dari na kupita juu ya kichwa chako kwenda mbali, mwambie akaze.